Mkunjo Unapogoma Kukaa kwenye Data: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ambayo wanafunzi, maofisa kilimo na mafundi wa maji wa Dodoma, Singida na maeneo ya jirani huyarudia kila msimu wa kuandika ripoti unapowadia. Mifano ni ya kazi za huku kwetu: mtama na mbolea, visima vya bonde la Makutupora, mito ya msimu, zabibu. Namba zilizomo ni za kufundishia tu, usizinukuu kama matokeo ya utafiti.

Kabla hujasoma lolote, fanya hivi: chora mkunjo wa namba zako za kuanzia juu ya data yako, kwenye grafu moja, kabla ya kuiamuru programu ioanishe. Malalamiko mengi ya "programu imekataa" huishia hapo hapo, kwa sababu mwenyewe anaona kwa macho kwamba mkunjo wake ulianzia mahali pasipohusiana kabisa na data.

## Mambo ya mwanzo

1. Kuoanisha mkunjo ni kufanya nini hasa? Mbona mstari ulionyooka haunisumbui hivi?

Una kanuni yenye parameta (namba zinazoamua umbo la mkunjo) usizozijua, na una vipimo. Unatafuta thamani za parameta zitakazoufanya mkunjo upite karibu na vipimo kadiri inavyowezekana. Ukaribu huo hupimwa kwa mabaki, yaani tofauti kati ya ulichopima na kile kanuni inachotabiri. Kila baki huzidishwa kwa lenyewe, yote yanajumlishwa, na kazi ya programu ni kuipunguza jumla hiyo mpaka isipungue tena.

Kwa mstari ulionyooka kuna hesabu inayokupeleka kwenye jibu moja kwa moja. Parameta ikiwa imekaa ndani ya kipeo, ndani ya logi au chini ya sehemu, hesabu hiyo haipo. Programu huanzia pale ulipoiambia, hupima jumla inapungua upande gani, hupiga hatua, kisha hupima tena. Njia inayotumika zaidi ni ya Levenberg na Marquardt. Kenneth Levenberg aliiandika mwaka 1944, na Donald Marquardt akaiendeleza mwaka 1963. Ikiwa mbali na jibu huenda kwa hatua fupi za tahadhari, ikikaribia huongeza mwendo. Ni njia nzuri sana, lakini haioni mbali. Inajua tu hali ya pale iliposimama.

2. Nitumie programu gani?

Ile ambayo jirani yako anaijua. R, Python yenye SciPy, gnuplot, Octave na LibreOffice ni za bure na hufanya kazi bila intaneti ukishazisakinisha. MATLAB, Mathematica na Excel ni za kulipia. Matatizo yaliyomo humu yanazipata zote, ila kila moja inayalalamikia kwa maneno yake.

Kwa watu wa kilimo napendekeza R, kwa sababu ina kanuni zinazojitafutia namba za kuanzia zenyewe: `SSlogis` kwa ukuaji unaofikia kikomo, `SSmicmen` kwa Michaelis–Menten (mkunjo wa kasi ya vimeng'enya), na `SSasymp` kwa mkunjo wa mbolea unaoelezwa kwenye swali la 3.

3. Namba za kuanzia nizitoe wapi?

Kwenye grafu yako, kwa macho na rula. Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, kwa hiyo tulifanye kwa namba.

Tuseme una jaribio la mtama na nitrojeni. Viwango ni kilo 0, 20, 40, 60, 80 na 120 kwa hekta, na mavuno ni tani 0.9, 1.5, 1.9, 2.15, 2.3 na 2.45. Kanuni ni ile ya Mitscherlich: y = A − B·e^(−kN). Kila parameta ina maana yake shambani, na maana hiyo ndiyo inayokupa namba.

A ni kikomo ambacho mavuno hayakivuki hata ukiongeza mbolea. Chukua kidogo juu ya vuno kubwa ulilonalo: 2.5. B ni umbali kutoka shamba lisilo na mbolea mpaka kwenye kikomo: 2.5 − 0.9 = 1.6. Iliyobaki ni k, nayo ndiyo watu huikisia ovyo. Tazama ni kilo ngapi zinakufikisha nusu ya kupanda huko, yaani kwenye tani 1.7. Ukifuatisha grafu ni kama kilo 30. Nusu huja pale e^(−kN) inapokuwa 0.5, kwa hiyo k = 0.693 ÷ 30, sawa na 0.023 hivi.

Jaribu namba hizo kwenye N = 60: unapata 2.1, na kipimo chako ni 2.15. Kwenye N = 20 unapata 1.49 dhidi ya 1.5. Programu haijaguswa bado na tayari umeshafika karibu na jibu.

Sasa ona kinachotokea ukiiachia `curve_fit` ya Python bila kuipa chochote. Inaziweka parameta zote kuwa 1. Kwa k = 1, kwenye kilo 20 tu e^(−kN) imeshakuwa karibu 0.000000002. Mkunjo unaruka mara moja kisha unalala tambarare, na programu ikiichezea k kidogo haioni badiliko lolote. Haina pa kushika.

Utaratibu huu unafaa kwa kanuni nyingi za namna hii: kikomo kinasomwa juu ya grafu, thamani ya mwanzo inasomwa upande wa kushoto, kasi inapatikana kwa kutafuta nusu ya safari.

4. Programu inasema data yangu ina NaN (yaani "si namba") au haiitambui kama namba, lakini kwenye jedwali naiona namba kabisa.

Jicho lako linaona namba, programu inaona maandishi. Mkosaji wa kwanza ni alama ya mkato ya maelfu: 1,250 ikiingia kwenye faili la CSV ama inakatwa vipande viwili ama safu nzima inageuka maandishi. Wa pili ni nafasi iliyojificha mbele au nyuma ya namba, hasa data ikiwa imenakiliwa kutoka kwenye PDF au ujumbe wa simu. Wa tatu ni alama za daftari: mstari wa "−" kwa siku ambayo hakuna aliyepima, au herufi za mvua ndogo isiyopimika kwenye rekodi za mvua.

Kwenye R andika `str(data)` uone kila safu ni ya aina gani, kwenye pandas, maktaba ya Python ya majedwali, andika `data.dtypes`. Na tafadhali, usijaze 0 mahali ambapo hakukupimwa. Siku isiyopimwa na siku isiyo na mvua ni vitu viwili tofauti, na mkunjo utavutwa na sifuri ambazo hazikuwahi kutokea.

## Programu inapokataa

5. R inaniletea `singular gradient matrix at initial parameter estimates`. Nifanyeje?

Programu inakuambia kwamba, pale ulipoianzishia, kuna parameta ambayo ikisogezwa mkunjo hausogei, au parameta mbili ambazo zikisogezwa mkunjo unasogea kwa namna ile ile. Haiwezi kuamua ibadilishe ipi.

Sababu ya kwanza ni namba mbaya za kuanzia, kama ile k = 1 ya swali la 3. Anzia hapo. Sababu ya pili ni kanuni yenye parameta za ziada. Mtu anaandika y = a·e^(b + cx), asione kwamba a na e^b zinafanya kazi moja. Unaweza kuzidisha a kwa 2 na kupunguza 0.693 kwenye b, mkunjo ukabaki vile vile. Hapo hakuna namba za kuanzia zitakazokuokoa, ondoa mojawapo.

Ukishahakikisha yote mawili na bado inakataa, tumia `nlsLM` ya kifurushi cha `minpack.lm`. Inavumilia mwanzo mbaya kuliko `nls`, amri ya kawaida ya R ya kuoanisha mkunjo. Lakini kama tatizo lako ni parameta za ziada, `nlsLM` inaweza kukupa jibu lisilo na maana bila kulalamika, na hilo ni baya zaidi kuliko kukataliwa.

6. Na ile ya `step factor` kushuka chini ya `minFactor`?

`nls` ilijaribu kupiga hatua, jumla ya mabaki ikaongezeka. Ikagawa hatua kwa 2, ikajaribu tena, ikagawa tena, mpaka hatua ikawa ndogo kupita kiwango kilichowekwa. Kupunguza `minFactor` hakusaidii sana. Rudi swali la 3. Kama data yako umeitengeneza mwenyewe kwa kanuni, soma swali la 17.

7. Python inasema imefikia `maxfev = 800`, kikomo cha majaribio. Niongeze iwe 100000?

Unaweza, na mara chache itafanya kazi. Ile 800 yenyewe ina habari: kikomo cha kawaida ni 200 × (idadi ya parameta + 1), kwa hiyo una parameta 3. Data ya kawaida yenye parameta 3 na mwanzo mzuri hutulia kwa majaribio machache tu. Ikiwa 800 hazikutosha, programu inazunguka mahali pasipo na njia, na kuiongezea muda ni kuirefushia mateso.

Chora mkunjo wa namba za kuanzia. Usipopita hata karibu na data, swali la 3. Ukipita vizuri na bado haitulii, kuna uwezekano mkubwa kwamba parameta zako zimepishana mno kwa ukubwa, na hilo ni swali la 8.

8. Parameta yangu moja ni kama 500 na nyingine ni 0.0002. Jibu linayumba, au ile ndogo inatoka hasi.

Hii ni ya mafundi wa visima. Kwenye jaribio la kusukuma maji tunatumia kanuni ya Theis ya mwaka 1935, yenye parameta mbili: T, uwezo wa tabaka la maji chini ya ardhi kupitisha maji, ambao unaweza kuwa mamia ya mita za mraba kwa siku, na S, uwezo wa tabaka kuhifadhi maji, ambao kwenye tabaka lililobanwa ni sehemu ndogo sana ya 1. Hatua ambayo kwa T haionekani, kwa S ni ya kuitupa ng'ambo ya sifuri.

Dawa ni kutokuitafuta S yenyewe. Tafuta logi yake. Ndani ya kanuni andika S = e^(lS), kisha programu itafute lS. Kwa S = 0.0002, lS ni karibu −8.5, namba ya kawaida kabisa, na S haiwezi tena kuwa hasi. Fanya hivyo hivyo kwa T. Kwenye Solver ya Excel, weka pia alama kwenye kisanduku cha kurekebisha vipimo chenyewe.

Namba za kuanzia zipate kwa njia ya Cooper na Jacob ya mwaka 1946: chora kushuka kwa maji dhidi ya logi ya muda, pima kushuka kwa kila mara kumi ya muda, kisha T = 2.3Q ÷ (4π × kushuka huko), Q ikiwa kiasi cha maji kinachosukumwa kwa siku. Ukisukuma mita za ujazo 1,000 kwa siku na maji yakashuka mita 0.8, T ni kama 229.

Kabla ya yote, kagua vipimo vya muda. Daftari la kisimani huandikwa kwa dakika, Q na T huandikwa kwa siku, na siku ina dakika 1,440. Ukiingiza dakika bila kuzigeuza, mkunjo utakaa kwenye data vizuri kabisa, T itatoka sahihi, na S itatoka kubwa mara 1,440. Ile 0.0002 itasomeka 0.288. Hapo ndipo hatari ilipo: 0.288 si namba ya kushtua, inafanana na tabaka lililo wazi lenye mchanga. Mtu anaandika kwenye ripoti kwamba tabaka halijabanwa, na mwingine anapanga umbali wa visima kwa kufuata hilo. Programu haitakuonya, maana kwa upande wake hesabu imekwenda sawa.

9. Inaanza vizuri, halafu katikati inaleta NaN.

Programu imejaribu thamani ambayo kanuni haiwezi kuihesabu: logi ya namba hasi, au namba hasi kwenye kipeo chenye desimali.

Mfano wa kila siku ni kanuni ya kina na mtiririko wa mto: Q = a(h − h0)^b, ambapo h0 ni kina ambacho mtiririko unakoma. Programu ikijaribu h0 iliyo juu ya kipimo chako cha chini kabisa, mabano yanakuwa hasi na kila kitu kinasimama. Weka mpaka: h0 iwe chini ya h ndogo kuliko zote. Kwenye `curve_fit` tumia `bounds`, kwenye `nls` chagua `algorithm = "port"` ndipo uweke `lower` na `upper`.

Parameta ikitoka imegandia kwenye mpaka uliouweka, usiipokee kama jibu. Inakuambia ingependa kuvuka, na ni juu yako kujua kwa nini. Kwenye mito ya mchanga kama Bubu au Kinyasungwe sababu mara nyingi iko mtoni: furiko moja linahamisha mchanga, h0 inabadilika, na vipimo vya kabla na baada ya furiko si vya mkunjo mmoja tena. Vitenganishe.

10. gnuplot inaleta `singular matrix` ingawa kanuni ni rahisi.

Mambo mawili. Parameta usiyoipa thamani inaanza na 1, kwa hiyo rudi swali la 3. Pili, gnuplot ikigawa namba nzima kwa namba nzima inaacha desimali: `1/2` ni 0. Andika `1.0/2`. Ukiwa na kipeo kilichoandikwa `x**(1/3)`, umeiamuru ihesabu x kwa kipeo cha 0, ambayo ni 1 kila mahali.

## Programu inapokubali, lakini jibu halieleweki

11. Mstari wa mwelekeo wa Excel unanipa jibu moja, Solver inanipa jingine. Lipi sahihi?

Yote mawili ni sahihi kwa maswali tofauti. Ukichagua mstari wa mwelekeo wa eksponenti, Excel huchukua logi ya y kwanza kisha huoanisha mstari ulionyooka. Ndiyo maana chaguo hilo halipatikani ukiwa na sifuri au namba hasi. Kwenye logi, kosa la asilimia 10 ni kosa la asilimia 10, liwe kwenye thamani ya 2 au ya 200. Solver ikipunguza mabaki ya y yenyewe, zile thamani kubwa ndizo zinazotawala.

Jiulize kipimo chako kinakosea vipi. Mtiririko wa mto hukosea kwa asilimia: furiko linakosewa kwa kiasi kikubwa, kijito kwa kiasi kidogo. Hapo logi inafaa. Mizani inayokosea gramu 2 iwe mzigo ni mdogo au mkubwa haihitaji logi. Ukishaamua, andika kwenye ripoti ulichoamua na sababu yake.

12. R² yangu ni 0.98 na msimamizi bado anasema mkunjo haufai. Ananionea?

Hapana. R² inalinganisha mkunjo wako na mstari wa wastani uliolala. Kitu chochote kinachopanda kikioanishwa na mkunjo wowote unaopanda, R² itakuwa juu. Kwa kanuni zisizo za mstari hata tafsiri yake ya kawaida, kwamba ni sehemu ya mabadiliko iliyoelezwa, haisimami. Muhtasari wa `nls` kwenye R hauionyeshi kabisa.

Chora mabaki dhidi ya muda. Chukua punje ya zabibu ambayo imepimwa tangu maua mpaka mavuno. Zabibu haikui kwa mwendo mmoja: hukua kwa kasi, hutulia kwa muda, kisha hukua tena inapoanza kulainika na kubadilika rangi. Ukiioanisha na mkunjo mmoja wa `SSlogis`, utapita katikati ya yote na R² itapendeza. Lakini mabaki yatakuja kwa makundi, kundi la chanya, kundi la hasi, kundi la chanya tena. Mabaki mazuri hutawanyika bila mpangilio juu na chini ya sifuri. Yakipanga foleni, kuna jambo la mmea ambalo kanuni yako imelifuta.

Tiba hapa ni jumla ya mikunjo miwili ya ukuaji, lakini hiyo ina parameta 6. Kama ulipima mara chache msimu mzima, oanisha kipindi kimoja tu na useme hivyo wazi. Kwa kuwa Dodoma mzabibu huvunwa misimu miwili kwa mwaka, usichanganye vipimo vya misimu hiyo kwenye mkunjo mmoja ili kupata pointi nyingi.

13. Kosa sanifu ni kubwa kuliko parameta yenyewe, au Python inasema haikuweza kukadiria kovariansi.

Kosa sanifu hupima kiasi ambacho parameta inaweza kuyumba, na kovariansi ni jedwali ambalo kosa hilo hutolewa. Likiwa kubwa hivyo, data yako haina habari ya parameta hiyo. Hakuna programu itakayoitoa mahali isipokuwepo.

Rudi kwenye mtama wa swali la 3, ila tuseme mbolea iliishia kilo 40, huku kila kiwango kikiwa na viwanja kadhaa. Kwenye kipande hicho mkunjo unakaribia kunyooka. Kinachojulikana ni mavuno bila mbolea, yaani A − B, na mteremko wa mwanzo, yaani B × k. Ukiikuza B na kuipunguza k mkunjo haubadiliki kwa jicho. Ndipo programu inaweza kuleta hata A = 9 na kosa sanifu 40. Shamba halijawahi kuiona A, itaijulia wapi?

Visimani hali ni hiyo hiyo: ukiwa na vipimo vya kisima kile kile kinachosukumwa, bila kisima cha uangalizi pembeni, T unaweza kuipata lakini S haiaminiki, kwa sababu maji hushuka zaidi pale kisimani kwa upotevu wa kisima chenyewe.

Njia ni tatu. Ongeza vipimo mahali parameta inapoonekana. Au ishikilie parameta kwa thamani inayojulikana kwa sababu nyingine, ukiitaja. Au tumia kanuni yenye parameta chache. Kilo 0 mpaka 40 zinatosha kabisa kwa mstari ulionyooka, na mkulima anayetaka kujua kilo 20 zitamwongezea nini hahitaji A.

14. Kila nikibadilisha namba za kuanzia napata jibu jingine.

Linganisha jumla ya mabaki. Zikitofautiana, umeangukia mahali ambapo jumla ni ndogo kuliko jirani zake lakini si ndogo kuliko zote. Anzisha kutoka sehemu nyingi tofauti, chukua jibu lenye jumla ndogo zaidi, kisha hakikisha lina maana. SciPy ina `differential_evolution` inayotafuta eneo zima ndani ya mipaka unayoipa. Jumla zikiwa sawa na parameta tofauti, hilo ni swali la 13.

Mikunjo ya mawimbi inaongoza kwa tabu hii. Ukioanisha joto la kila mwezi na sini huku ukiiacha programu itafute urefu wa mzunguko, inaweza kuishia na wimbi lililolala kabisa. Lakini mzunguko wa mwaka unaujua tayari: ni miezi 12. Uweke kama namba, usiutafute. Mvua ya Dodoma usiioanishe na sini tupu. Hunyesha msimu mmoja, kati ya Novemba au Desemba na Aprili, halafu kuna miezi mikavu mfululizo, na sini itakuletea mvua hasi.

15. Pointi moja imekaa mbali na zote. Niifute?

Kwanza fungua daftari la shambani. Pointi nyingi za aina hii ni desimali iliyosogea au kiwanja kilichoingiliwa na mifugo, na ikithibitika una haki ya kuirekebisha au kuiondoa, ukiandika. Usipopata sababu, iache. Unaweza kuipunguzia nguvu kwa njia zisizoyumbishwa na pointi chache: `loss='soft_l1'` kwenye `least_squares` ya SciPy, `nlrob` ya kifurushi cha `robustbase` kwenye R. Toa majibu yote mawili. Yakifanana, hoja imekwisha. Yakipishana sana, msomaji ana haki ya kujua kwamba hitimisho lako linaning'inia kwenye kiwanja kimoja.

16. Nimeipa `curve_fit` makosa ya vipimo kupitia `sigma`, lakini nikiyazidisha yote kwa 10 kosa sanifu halibadiliki.

Kwa kawaida `sigma` inachukuliwa kama uzito wa kulinganisha tu, ipi iaminiwe zaidi ya ipi. Kama makosa yako ni ya kweli na yana vipimo halisi, andika `absolute_sigma=True`. Kisha kosa sanifu ni kipeuo cha pili cha ulalo wa kovariansi: `np.sqrt(np.diag(pcov))`. Watu husahau hiyo `sqrt` na kuripoti namba ambayo si kosa sanifu.

## Hali zisizo za kawaida

17. Nimetengeneza data kwa kanuni yenyewe, haina kosa hata kidogo, na bado `nls` inakataa!

Inakataa kwa sababu hiyo hiyo. `nls` huamua imefika kwa kulinganisha hatua iliyobaki na ukubwa wa mabaki. Mabaki yakiwa sifuri, kipimo hicho kinakosa maana. Maelezo ya R yenyewe yanaonya kuhusu jambo hili. Ongeza kelele kidogo kwa `rnorm`, au tumia `scaleOffset` ndani ya `nls.control`.

18. Nina jumla ya eksponenti tatu na parameta hazitulii.

Hazitatulia. Cornelius Lanczos alionyesha mwaka 1956 kwamba data iliyotoka kwenye jumla ya eksponenti tatu, ikiwa na desimali chache, inaweza kuelezwa karibu sawasawa na jumla ya mbili zenye kasi tofauti kabisa. Tatizo liko kwenye umbo la kanuni. Anza na moja, ongeza ya pili mabaki yakidai (swali la 12), na usiende ya tatu bila sababu ya kimaumbile.

19. Nina pointi 4 na parameta 4, na mkunjo umepita juu ya zote. Safi?

Mkunjo wa namna hiyo umepita kwa sababu haukuwa na budi kupita. Hakuna baki la kupimia kosa, kwa hiyo hakuna kosa sanifu, na hakuna namna ya kujua kama kanuni inafaa. Punguza parameta au rudi shambani.

20. Nitajuaje kama kweli programu ndiyo yenye kosa?

Ipe mtihani ambao majibu yake yanajulikana. NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani, imeweka wazi seti 27 za data za kazi hii hasa, zikiwa na majibu yaliyothibitishwa kwa tarakimu 11. Zimepangwa kwa ugumu, na kila moja ina seti mbili za namba za kuanzia, moja iko mbali na jibu na nyingine iko karibu. Data ya Lanczos imo.

Chukua seti ya `Misra1a`, ambayo ni rahisi, uioanishe kwa programu yako na namba walizotoa. Ukipata majibu yao, programu ni nzima, na tatizo liko kwenye kanuni uliyoiandika, data au namba za kuanzia. Kagua mabano na alama za kanuni kwanza: −k·N ndani ya kipeo ikipoteza alama ya kutoa, mkunjo uliopaswa kutulia kwenye kikomo unakimbia bila kikomo, na ujumbe utakaoupata unaweza kuwa ule ule wa swali la 5 au la 9. Usipopata majibu yao, jaribu kuanzia kwenye ile seti ya karibu, na ukishindwa hapo pia, sakinisha toleo jipya.